Gesi ya Songo Songo si mafuta ya mjusi

HAJI: Assalaam aleikum, na habari za popote mlipo. Leo tunarekodi Kilwa Masoko, nyumbani kwa shangazi. Kusi inavuma, kwa hiyo mkisikia mlango unajigonga msishtuke. Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Karibu kwenu.

HAJI: Kwa anayetusikiliza mara ya kwanza: shangazi amefundisha kemia sekondari miaka mingi, na mimi nilikaa dawati la mbele darasani kwake kabla hatujaanza kukaa hivi mbele ya maikrofoni. Shangazi, nimekuja na swali kutoka Dar. Mtungi wangu wa gesi uliisha usiku, nikaenda kubadilisha, na jirani yangu pale dukani akaniambia: "Nyie watu wa Kilwa gesi mnachota uani kwenu, sisi tunauziwa kama dhahabu." Nikakosa la kumjibu.

SHANGAZI: Ungemwambia kwamba iliyomo kwenye ule mtungi haikutoka Kilwa. Imekuja kwa meli kutoka nje ya nchi.

HAJI: Yote?

SHANGAZI: Mitungi ya jikoni, ndiyo. Ile ni propani na butani. Ya Songo Songo, kisiwa chetu hapa Kilwa, ni methani, zaidi ya asilimia 95. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini tabia zao hazilingani, na sababu ya kutolingana ni hesabu tu ya kaboni. Methani ina kaboni moja, imezungukwa na haidrojeni nne. Propani ina kaboni tatu, butani nne. Kadiri kaboni zinavyozidi kushikana, ndivyo molekuli inavyokuwa nzito na inavyopenda kutulia. Butani inachemka karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo ukiibana kidogo inageuka maji, yaani kimiminika. Tikisa mtungi, utasikia inacheza ndani.

HAJI: Na methani?

SHANGAZI: Methani inachemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri. Kwa joto letu hili la pwani, ibane utakavyo, haiwi maji. Ndiyo maana bajaji zinazotumia gesi asilia kule Dar zinabeba mitungi minene, inaingizwa kwa mgandamizo wa mara 200 hivi ya hewa ya kawaida, na bado ni gesi. Ukitaka iwe maji lazima uipoze mpaka baridi hiyo niliyokutajia, na hapo inapungua ujazo kama mara 600. Mradi wa LNG, yaani gesi asilia iliyopozwa ikawa maji, unaozungumzwa Lindi miaka yote hii ni kiwanda cha baridi hiyo. Kwa nyumba za kawaida, njia rahisi ya methani ni bomba, kama zile nyumba za Dar na Mtwara zilizokwishaunganishwa.

HAJI: Kwa hiyo jirani yangu alikuwa na haki ya kulalamika bei, ila alilalamikia gesi nyingine.

SHANGAZI: Alilalamikia gesi nyingine. Lakini swali lake lina swali kubwa zaidi ndani yake: kwa nini ardhi ya hapa itoe methani karibu tupu, na ardhi ya Hoima kule Uganda itoe mafuta mazito yanayoganda, na ardhi ya Mbinga itoe makaa ya mawe? Zote ni kaboni na haidrojeni. Nani aliamua?

HAJI: Kabla hujajibu, nikutajie jibu nililokua nalo mimi. Tukiwa watoto tuliambiwa gesi ya Lindi ni mafuta ya mjusi. Yule dinosaria wa Tendaguru.

SHANGAZI: Hilo nimelisikia darasani kila mwaka, na sikuwahi kumcheka mtoto aliyelisema, kwa sababu ana akili ya kuunganisha mambo. Anajua Lindi kuna gesi chini, anajua Lindi kulikuwa na mijusi mikubwa. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa vichwani na wapagazi wetu mpaka bandari ya Lindi, na leo mmoja amesimamishwa Berlin, urefu wake unapita mita 13. Mtoto anajiuliza: mnyama mkubwa vile, mafuta yake yalikwenda wapi?

HAJI: Yalikwenda wapi?

SHANGAZI: Yalioza. Mnyama akifia nchi kavu, fisi wa zama zake wanamla, wadudu wanamla, na kinachobaki kinaliwa na bakteria wakisaidiwa na oksijeni. Kaboni yake inarudi hewani. Mfupa unabaki kwa sababu ni madini. Halafu idadi yao, mwanangu. Hata ukiwakusanya wote, si kitu mbele ya vile viumbe vidogo vya baharini visivyoonekana kwa macho. Ndoo moja ya maji ya bahari ina maelfu kwa maelfu. Mwani wa chembe moja, na vijidudu vinavyoula. Vinazaliwa na kufa kila siku, mamilioni ya miaka, vinanyesha kwenda chini kama vumbi.

HAJI: Mwani ninaoujua mimi ni ule wa akina mama wa Unguja, wanaoufunga kwenye kamba.

SHANGAZI: Huo ni mkubwa. Huu ni wa chembe moja, lakini kazi ni ileile: unashika mwanga wa jua, unachukua kaboni dioksidi majini, unatengeneza sukari na mafuta ya mwili wake. Shikilia hayo mafuta ya mwili wake, tutayarudia.

HAJI: Lakini na wenyewe si ungeoza?

SHANGAZI: Karibu wote unaoza! Unaosalimika ni chini ya asilimia 1. Ili usalimike lazima uangukie mahali ambapo maji ya chini hayana oksijeni. Ghuba iliyofungika, ziwa lenye kina, bahari ambayo maji yake hayachanganyiki. Hapo bakteria wanakula protini na sukari, wanashindwa na vile vigumu: mafuta, nta, ngozi za mbegu na chavua. Tope linaufunika, mto unaleta tope jingine, na jingine juu yake. Baada ya muda yale mabaki yanashikamana kuwa kitu cheusi kigumu kisichoyeyuka kwa maji wala kwa spiriti. Wanakemia wanakiita kerojeni.

HAJI: Kerojeni ndiyo mafuta yenyewe?

SHANGAZI: Bado. Kerojeni ni unga, chapati bado. Inahitaji moto.

HAJI: Na huko chini moto uko wapi?

SHANGAZI: Joto la ardhi lenyewe. Ukishuka kilomita moja, joto linaongezeka nyuzi 25 hadi 30 hivi. Tope linavyozidi kufunikwa, linashushwa. Likifika kama nyuzi 60, ile minyororo mirefu ya kaboni ndani ya kerojeni inaanza kukatika. Vipande vinavyokatika ndiyo mafuta ghafi. Kati ya nyuzi 60 na 120, mpaka 150 hivi, hapo ndipo jiko la mafuta. Ukilipitisha hapo, minyororo inazidi kukatika, vipande vinakuwa vifupi, vifupi, mpaka unabaki na kipande kifupi kuliko vyote.

HAJI: Chenye kaboni moja.

SHANGAZI: Methani. Huwezi kuikata zaidi ukabaki na mnyororo.

HAJI: Kwa hiyo mafuta ni chakula kilichoiva, na gesi ni chakula kilichoungua.

SHANGAZI: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Na muda nao una kazi yake, moto mdogo kwa miaka mingi unafikia ulipofika moto mkali kwa miaka michache. Kila mpishi wa maharage analijua hilo. Lakini usisahau kilichomo sufuriani, kwa sababu moto peke yake hauelezi yote. Nilikwambia ushikilie nini?

HAJI: Mafuta ya mwili wa mwani.

SHANGAZI: Mafuta ya mwili ni minyororo ya kaboni iliyojaa haidrojeni. Ukiyapika yanakupa mafuta ghafi. Mti je? Mti ni ubao, na kinachoushikilia ubao ni lignini, kaboni zilizofungana mviringo mviringo, haidrojeni kidogo. Ukiupika mti haukupi mafuta mengi. Unakupa makaa ya mawe, na methani inayovuja pembeni. Kwa hiyo ukinionyesha kinachotoka kisimani, ninauliza mawili. Nani alikufa? Na alipikwa kwa joto gani?

HAJI: Sasa nipeleke Hoima.

SHANGAZI: Hoima ni mfano ninaoupenda. Ziwa Albert liko kwenye Bonde la Ufa, na mafuta yake yametokana na tope la ziwa la kale. Mwani wa maziwa una kawaida ya kutengeneza minyororo mirefu sana, kaboni 20, 30 na zaidi. Minyororo ya namna hiyo ni nta. Ni kama ya mshumaa. Ndiyo maana mafuta ghafi ya kule yanaanza kuganda yakipoa kufika kwenye nyuzi 40 hivi. Bomba kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, urefu kilomita 1,443, limeundwa kupashwa moto njia nzima ili mafuta yakae kwenye nyuzi 50 au zaidi.

HAJI: Kumbe lile bomba linapashwa moto kwa sababu ya mwani!

SHANGAZI: Kwa sababu ya mwani wa ziwani, waliokufa kabla hapajakuwa na mtu wa kuuona. Mama yako akisafiri na chupa ya mafuta ya nazi kwenda Lushoto mwezi wa saba, asubuhi anaikuta nyeupe, imeganda. Jambo ni lilelile, molekuli ndefu zikipoa zinapangana, zinalala pamoja. Hoima wana minyororo mirefu zaidi, kwa hiyo wanaganda hata kwenye joto la Tanga.

HAJI: Na wenyeji wa kule walijua kwamba kuna mafuta?

SHANGAZI: Waliyaona yakichuruzika pembezoni mwa ziwa. Miaka ya 1920 mwanajiolojia Wayland akayaorodhesha yale machuruziko, kisima cha kwanza kikachimbwa Butiaba mwaka 1938, halafu kimya cha miaka mingi. Ugunduzi wa kibiashara ni wa 2006. Na sisi hatukukosa dalili. Pemba, pale Tundaua, mafuta yanachuruzika. Karibu na Rufiji, Wingayongo, kuna mawe ya mchanga yaliyolowa lami. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yakizaliwa chini yanatafuta njia ya juu kupitia vitundu vya mawe. Yasipozuiwa yanafika juu, sehemu nyepesi zinaruka hewani, bakteria wanakula nyingine, inabaki lami.

HAJI: Na yakizuiwa?

SHANGAZI: Ndipo unapata Songo Songo. Watu hudhani kuna pango kubwa chini, limejaa gesi kama puto. Hakuna pango. Ni mawe ya mchanga, mchanga uliotandazwa zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na kati ya punje na punje kuna nafasi. Gesi imekaa humo kama maji yanavyokaa kwenye sifongo. Juu yake kuna tabaka la udongo mfinyanzi uliobanwa, usiopitisha kitu. Gesi ilipanda kutoka jikoni kwake huko chini zaidi, ikagonga dari hilo, ikakaa. Mwaka 1974 Waitaliano wa AGIP wakatoboa dari.

HAJI: Na tukaanza kuitumia 2004. Miaka 30 baadaye.

SHANGAZI: Walitafuta mafuta, wakaona gesi haina soko. Sasa inakwenda kwa bomba la kilomita 232 mpaka Ubungo, inazungusha mitambo ya umeme na kuwasha tanuri za saruji. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu: umeme mnaosomea Dar mkienda chuo, sehemu yake imetoka hapa baharini kwetu. Darasa lilikuwa linanyamaza. Napenda ukimya ule.

HAJI: Shangazi, mtu mgumu wa kuamini atakuuliza: una ushahidi gani kwamba haya yote yalikuwa hai? Labda ardhi ilizaliwa nayo.

SHANGAZI: Swali zuri sana hilo, na jibu lake ni kama mpelelezi aliyekuta alama ya kidole. Miaka ya 1930, mwanakemia Mjerumani anaitwa Alfred Treibs alichunguza mafuta ghafi akakuta ndani yake pofirini. Ni pete ya kaboni na naitrojeni, umbo lake tata, halijitokezei tu. Mahali tunapoijua ni kwenye klorofili, ule ukijani wa jani, ina atomu ya magnesiamu katikati. Kwenye mafuta Treibs akaikuta pete ileile, magnesiamu imetoka, imeingia vanadiamu au nikeli.

HAJI: Ukijani wa jani, ndani ya mafuta meusi.

SHANGAZI: Na jambo la pili. Pete ile haivumilii joto kali. Kwa hiyo kuwepo kwake kunakwambia kwamba mafuta hayakuzaliwa kwenye miamba iliyoyeyuka. Yalipikwa kwa moto wa taratibu. Alama moja ikajibu maswali yote mawili, nani alikufa na alipikwaje. Kila nilipofundisha hilo mwili ulinisisimka, na sasa hivi unanisisimka.

HAJI: Tusiwasahau wa Mbinga.

SHANGAZI: Ngaka kule Mbinga, Mchuchuma ya Ludewa, Kiwira. Hayo ni makaa ya zama za Pemia, zaidi ya miaka milioni 250. Vitabu vingi vinaeleza makaa ya Ulaya, misitu ya joto, mabwawa ya tropiki. Ya kwetu hayakuwa hivyo. Wakati ule Afrika ilikuwa imeungana na India, Australia na Antaktika, na nchi yetu ilikuwa kusini zaidi, imetoka kwenye barafu. Mabwawa yalikuwa ya baridi, na mti mkuu ulikuwa Glosopterisi, jani lake kama ulimi. Majani yaliangukia kwenye maji yasiyo na hewa, yakawa mboji, mboji ikabanwa, maji yakatoka, oksijeni ikatoka, kaboni ikabaki. Jani lilelile utalikuta kwenye mawe ya India na ya Antaktika.

HAJI: Kuna msikilizaji wetu wa Goma alituuliza kuhusu Ziwa Kivu. Anasema na wao wana methani, lakini watu wanawaambia ni ya volkano.

SHANGAZI: Mwambie ziwani kwao kuna gesi mbili, na hazina asili moja. Kaboni dioksidi, kama kilomita za ujazo 300, hiyo kwa sehemu kubwa imetoka kwenye volkano. Methani ni kama kilomita za ujazo 60, na hiyo inatengenezwa na vijidudu vilivyo hai kwenye kina kisicho na oksijeni. Wanakula mabaki ya mwani, na wengine wanachukua ile kaboni dioksidi wanaiunganisha na haidrojeni. Hakuna jiko pale, wala mamilioni ya miaka. Ni methani ileile ya Songo Songo kwa umbo, lakini changa. Upande wa Rwanda wanaivuta kutoka kwenye maji ya chini na kuzalisha umeme, mtambo mmoja una megawati 26.

HAJI: Na mazuku je? Alilitaja hilo neno.

SHANGAZI: Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi na kutuama mabondeni. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu. Mbuzi anashuka kunywa maji, harudi. Mtoto pia. Wenyeji wa Goma walikuwa na jina lake kabla ya vipimo, na jina limeokoa watu, kwa sababu mama anamwambia mtoto usiende pale, pana mazuku. Hata wanasayansi wa nje wanalitumia neno hilohilo kwenye maandishi yao.

HAJI: Gesi yangu ya mtungi ina harufu lakini.

SHANGAZI: Imewekewa. Propani haina harufu. Wanatia kemikali yenye salfa kidogo sana ili ikivuja ujue. Ukiisikia usiwashe hata swichi, fungua madirisha kwanza.

HAJI: Nina la mwisho. Nilisoma kwamba lita moja ya petroli ikiungua inatoa zaidi ya kilo mbili za kaboni dioksidi. Lita ya petroli haifiki hata kilo moja. Hizo kilo nyingine zinatoka wapi?

SHANGAZI: Kutoka hewani. Chukua methani, hesabu yake ni nyepesi. Gramu 16 za methani zinaungana na gramu 64 za oksijeni. Zinatoka gramu 44 za kaboni dioksidi na gramu 36 za maji. Jumlisha pande zote mbili.

HAJI: 80 na 80.

SHANGAZI: Hakuna kilichopotea. Kaboni moja inabeba oksijeni mbili mgongoni, na oksijeni ni nzito. Mwani ulitumia jua kuitenganisha kaboni na oksijeni, ikakaa chini ya dari la udongo zama zote hizo, sisi tunazirudishia ndoa kwa dakika moja ya kuchemsha chai. Na hili ndilo linalonikosesha usingizi, nalisema kama mtu wa Kilwa ninayeitaka gesi hii iwafae watoto wetu: kuhifadhi kulichukua mamilioni ya miaka, kurudisha hewani kunachukua maisha ya watu wawili watatu. Bahari inayopanda ndiyo hii hii inayopiga kuta za Kilwa Kisiwani.

HAJI: Umesema gramu 36 za maji. Mimi sijawahi kuona maji yakitoka kwenye moto.

SHANGAZI: Umeyaona, hukuyatambua. Nenda jikoni. Chukua sufuria ya alumini, kavu kwa nje, iwe baridi, tia maji ya mtungi wa udongo. Bandika, washa, hesabu mpaka kumi, halafu inua uangalie chini yake.

HAJI: Nakwenda na maikrofoni. Haya... nimebandika. Nawasha. Moja, mbili, tatu...

SHANGAZI: Taratibu.

HAJI: ...tisa, kumi. Nainua. Shangazi, imetoa jasho!

SHANGAZI: Haidrojeni ile ilikuwa ya mwani.

HAJI: Ngoja niiguse. Ni maji kweli. Yanakauka sasa, yanaishia pembeni... yamekwisha.